Kabla hujafunga mtambo wa UHT wa mtumba: angalia mvuke, umeme na hewa

Wengi wanaonipigia simu huwa wameshanunua. Mtambo wa kusindika na kufungasha maziwa ya UHT (yanayopitishwa kwenye joto kali ili yakae muda mrefu bila jokofu) umetoka Ulaya, ni wa mtumba, kontena liko bandarini, na wanachotaka ni fundi wa kuufunga. Mimi huanza na maswali mengine: kiwanda kiko wapi, umeme wa hapo ukoje, maji mnatoa wapi? Mtambo wenyewe mara nyingi ni mzima. Kinachouangusha ni vile vinavyoingia ndani yake.

Nianze na mvuke, maana hapa hata mafundi wazuri hujikwaa. Tanki linalopokea maziwa yaliyokwisha kupita kwenye joto kali hutakaswa kwanza kwa mvuke wa nyuzi joto 121 au zaidi. Ukiwa Dar au Mombasa, geji (kipimo cha presha) ikisoma bar 1.05 hivi, unazo nyuzi zako 121. Panda na tanki hilohilo hadi Njombe, takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Geji itasoma 1.05 vilevile, lakini mvuke utakuwa karibu nyuzi 118, kwa sababu geji hupima tofauti kati ya presha ya ndani na ya nje, na hewa ya kule juu ni nyepesi. Nyuzi 3 zinaonekana si kitu. Kwa spora za bakteria (mbegu zao ngumu zinazostahimili joto) ni kitu kikubwa: joto likishuka kwa nyuzi 10, muda wa kuziua huongezeka kama mara 10, na likishuka kwa nyuzi 3 tu muda huo huwa maradufu. Dakika 20 zilizoandikwa kwenye kitabu cha mtambo zitakuwa zinafanya kazi ya dakika 10, na opereta ataapa kwamba amefuata kila kitu.

Kwa hiyo funika geji ukitaka, uamini kipimajoto. Kifungwe mahali penye baridi kuliko pote, yaani chini kwenye bomba linalotoa maji ya mvuke uliopoa. Hesabu ya dakika ianze pale hapo chini panapofika nyuzi 121, hata kama juu ya tanki pameshafika zamani.

Umeme sasa. Kukatika moja kwa moja si tatizo kubwa, maana kila mtu anaona na jenereta inawaka. Kinachotesa ni ule umeme unaocheza, unaonywea kwa nusu sekunde na kurudi. Taa zinapepesa tu, lakini kontakta za pampu (swichi za umeme zinazoziwasha) zimeshaachia. Maziwa yanatakiwa kukaa kwenye nyuzi 137 hadi 140 kwa sekunde kama 4. Pampu au mvuke ukiyumba, joto linashuka, vali inayageuza maziwa yarudi nyuma, na kama usafi umepotea, kazi inaanza upya: kuosha kwa kostiki (soda kali), kisha asidi, suuza, kisha maji ya moto yanazungushwa nusu saa. Nusu sekunde imekula nusu ya zamu.

Wengi hununua UPS (betri inayoshika umeme ukikatika) ya kompyuta ya mtambo wakadhani wamemaliza. Kompyuta itabaki hai ikitazama pampu zikisimama. Koili (sumaku zinazozishika) za kontakta muhimu nazo zilishwe volti 24 za DC kutoka kwenye betri hiyohiyo, na zile inveta za mota (vifaa vinavyodhibiti kasi yake) zipangwe zidake mota ikiwa bado inazunguka badala ya kujizima na kutoa kosa. Na kama umeme wa eneo lenu ni wa kubahatisha kila siku, piga hesabu ya dizeli bila aibu: saa za kufungasha tumia jenereta, umeme wa gridi uachie majokofu na kuosha. Nimeona mahali ambapo dizeli ilikuwa nafuu kuliko maziwa yaliyomwagwa.

Ukanda wa pwani una adui mwingine, unyevu. Hewa ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 75 hubeba karibu gramu 25 za maji kwa kila mita ya ujazo. Kompresa inayovuta mita 5 za ujazo kwa dakika inameza zaidi ya lita 7 za maji kila saa! Hewa hiyo ndiyo inayosukuma vali, na ndiyo inayokwenda kwenye filta za hewa safi ya tanki. Filta ikilowa haina kazi tena. Nunua kikaushio kilichopimwa kwa joto la kwetu, na mtu mmoja awe na jukumu la kukagua vitoa-maji kila zamu, maana huziba kimya kimya.

Peroksaidi (dawa ya kuua vijidudu) ya asilimia 35 ya kutakasa karatasi za pakiti iwekwe kivulini, na mfuniko wake uwe wenye tundu la kupumulia. Iliyobaki usiirudishe kwenye pipa hata ikionekana safi. Ukiipima kwa haidromita (kipimo cha uzito wa kimiminika kinachoelea), rekebisha kwa joto la chumba. Kimiminika cha nyuzi 32 husoma pungufu kuliko cha nyuzi 20.

Maji ya visima vya pwani yana chumvi, na chumvi hutoboa hata chuma kisichoshika kutu. Upande wa maziwa uwe na presha kubwa kuliko upande wa maji ya kupoozea, ili tundu likitokea maziwa ndiyo yatoke.

Mwisho ni maabara. Pakiti za majaribio zikae kwenye nyuzi 30, sawa, lakini weka nyingine nyuzi 55 kwa siku 7. Ziko spora zinazopenda joto ambazo hulala tu kwenye ghala la Ulaya. Lori lililoegeshwa juani Dodoma mchana kutwa linaziamsha.