Sijawahi kumeza kidonge, virusi vyangu vitakuwaje sugu?

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 31, naishi Mafinga. Mume wangu anapasua mbao msitu wa Sao Hill. Mwezi uliopita nilipima nikakutwa na VVU. Nilipomweleza alilia, akakiri kwamba alianza dawa mwaka 2017, kabla hatujaoana, akiwa kibarua Makambako. Kila akihama kambi alikuwa anaacha, kisha anaanza tena. Mimi sijawahi kumeza hata kidonge kimoja. Jirani anasema virusi vya mume wangu vimeshazoea dawa, kwa hiyo hata mimi hazitanisaidia. Kopo la dawa liko kabatini, sijalifungua. Tuna mtoto wa miaka 3.
Mama Mdogo, Mafinga

JIBU: Marahaba mwanangu. Kopo hilo lifungue leo jioni, maelezo yangu utayasoma ukishameza.

Jirani yako amepatia nusu. Mtu anaweza kuwa na virusi sugu kabla hajaonja dawa. Wewe unatoka kwenye viazi, unajua mbegu iliyotoka shamba lenye mnyauko huja na ugonjwa wake kabla hujaifukia. Aliyekuambukiza akiwa na virusi sugu, huenda ndivyo ulivyopokea.

Dawa za mwaka 2017 kwa wengi zilikuwa na efavirenz. Hiyo ina tabia moja mbaya: mtu akiacha kumeza, dawa mbili alizochanganyiwa nayo hutoka mwilini mapema, yenyewe hubaki kwenye damu siku nyingi ikipambana peke yake. Hapo kirusi hujifunza. Badiliko moja tu kwenye kirusi, wataalamu wanaliita K103N, linatosha kuishinda, na halimdhoofishi kirusi, kwa hiyo hudumu miaka na kupita kwa mwingine.

Nusu aliyokosea jirani ni hii. Ukiwa umeanzishiwa TLD, kidonge kimoja chenye dawa tatu, kama wengi wanaoanza sasa, ndani yake mna dolutegravir. Efavirenz ilizuia kirusi kujinakili. Dolutegravir inamzuia kujipachika kwenye vinasaba vya seli. Ni mlango mwingine kabisa, na aliyeishinda ya kwanza hajaishinda hii. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2017 kwamba nchi ambako asilimia 10 au zaidi ya wanaoanza wana usugu wa kundi la efavirenz ziharakishe kubadilisha dawa, na mwaka 2019 likaipendekeza dolutegravir iwe ya kwanza kwa watu wazima.

Nilifanya kazi CTC, kliniki ya wenye VVU, hapa Mbeya miaka mingi. Alikuja binti mmoja kutoka Uyole, enzi za efavirenz, mpya kabisa kwenye daftari. Baada ya miezi sita wingi wa virusi ulikuwa bado juu. Nikamgombeza mbele ya wenzake kwamba hamezi. Akasema, "Mama, nameza." Sikumwamini. Alipobadilishiwa kundi la dawa virusi vilishuka, nikajua alikuwa anasema kweli tangu mwanzo. Sura yake siku ile bado ninaiona. Ndiyo maana nawaomba wauguzi wenzangu: mgonjwa akisema anameza, tuanze kwa kumwamini, tutafute sababu.

Na mumeo naye asigombezwe. Mwombe mwende pamoja kliniki, aseme mwenyewe alianza wapi, alimeza nini, aliacha lini, na kama aliwahi kurudi baada ya 2019 akapewa dawa mpya yenye dolutegravir. Hilo la mwisho ndilo zito kwenu nyote, maana hiyo nayo ikimezwa na kuachwa, kirusi kinaweza kuizoea. Wengi wanaohamahama hujiandikisha upya kama wageni wakiogopa kusemwa, na daktari anabaki gizani. Kabla ya kwenda kambini anaweza kuomba kliniki dawa za miezi kadhaa kwa mara moja.

Kipimo cha usugu kwa kawaida hakifanyiki kwa kila anayeanza. Kinachokulinda ni kipimo cha wingi wa virusi baada ya miezi sita. Usikikose, na majibu uyaulize kwa namba. Ukiwa unatumia dawa ya kiungulia au vidonge vya kuongeza damu, mweleze mfamasia, maana vikimezwa pamoja nayo vinaweza kupunguza nguvu ya dolutegravir.

Mtoto umenitajia umri wake, hukusema kama amepimwa. Mbebe, mwende naye siku hiyo hiyo.