Maswali na majibu: Mungu anawataka hata wale tuliowakatia tamaa

Tangu somo letu la toba kwa mataifa yote, maswali hayajakoma. Nimechagua machache, na lile la kwanza nimelijibu kwa urefu kwa sababu naona wengi wanalo moyoni, ila wanaona haya kuliuliza.

Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Wateja wangu wengi ni Wakongo na Warundi. Wapo waliochukua mzigo kwa mali kauli wakatokomea, simu hazipatikani. Kweli Mungu anataka na hao waokoke?

Pole sana, mama. Pesa ya mzigo ndiyo ada ya watoto na kodi ya nyumba, siwezi kukuambia usahau. Lakini jibu ni ndiyo, anawataka.

Kisome kitabu cha Yona, ni sura nne tu. Watoto wetu wanakijua kwa sababu ya samaki, lakini kiini chake kiko sura ya mwisho, ambayo mahubiri mengi hayaifikii. Ninawi ulikuwa mji wa Waashuri, watu waliojulikana kwa ukatili, na Samaria, mji mkuu wa Israeli, ilikuja kuangukia mikononi mwao mwaka 722 kabla ya Kristo. Nabii Yona alipotumwa kwao akakimbia, akapanda merikebu ya kwenda Tarshishi. Sababu anaitoa mwenyewe katika 4:2: alijua Mungu ni mwingi wa rehema, akahofia atawasamehe. Na ndivyo ilivyokuwa. Ninawi wakatubu, mfalme akaketi majivuni, na nabii akakasirika hata akaomba afe! Mungu akamuuliza kama haikupasa auhurumie mji wenye watu zaidi ya 120,000 wasiojua kupambanua mkono wa kulia na wa kushoto, pamoja na mifugo yao. Kitabu kinaishia hapo. Yona hajibu.

Swali hilo sasa liko kwako, mama, na kwangu pia. Petro anaandika kwamba Bwana "huvumilia kwenu, maana hapendi mtu ye yote apotee, bali wote wafikilie toba" (2 Petro 3:9). Huyo "mtu ye yote" ni pamoja na aliyezima simu akiwa na magunia yako. Mdai, peleka shauri mbele kama una maandishi, na mzigo ujao usiutoe bila dhamana. Kisha mtaje kwa jina katika sala, umwombee toba, maana mtu aliyetubu kweli hurudi kulipa. Zakayo, yule mtoza ushuru, aliahidi kurudisha mara nne (Luka 19:8).

Mimi ni mwanafunzi, naishi Nyegezi. Kama Mungu anapenda mataifa yote, kwa nini alianza na Israeli peke yake?

Alianza nao kwa ajili ya wengine. Ahadi kwa Abrahamu ina shabaha yake tangu siku ya kwanza: "katika wewe jamaa zote za dunia watabarikiwa" (Mwanzo 12:3). Halafu fungua Mathayo sura ya 1, ile orodha ya majina ambayo wengi huiruka. Utamkuta Rahabu wa Yeriko na Ruthu Mmoabu, wanawake wa mataifa, wamo katika ukoo wa Yesu.

Nimeokoka. Ndugu zangu huku Kisesa wanasema sasa niache ngoma za Kisukuma zote, eti ni za kipagani. Je, ndivyo?

Dada, swali hili kanisa lililijadili Yerusalemu, na limeandikwa katika Matendo 15. Wapo waliotaka wasiokuwa Wayahudi watahiriwe kwanza ndipo waokoke. Mitume wakakataa kuwatwika nira hiyo. Na Yohana alipoonyeshwa mkutano mbele ya kiti cha enzi, aliona watu wa "kila taifa, na kabila, na jamaa, na lugha" (Ufunuo 7:9). Makabila yao bado yalitambulikana. Msukuma atasimama pale akiwa Msukuma.

Nawe uko jirani na Bujora, kituo cha Kikatoliki chenye makumbusho ya Wasukuma. Ingia katika kanisa lile la duara lililojengwa wakati wa Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, uone alama za utemi wa Kisukuma zilivyowekwa zimtumikie Kristo. Na wakati wa sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, kwenye Bulabo, tamasha la ngoma za Kisukuma, vyama viwili vya wachezaji, Bagika na Bagalu, hushindana kucheza palepale. Si kila Mkristo anakubaliana na njia hiyo, najua. Mimi naona kipimo kiwe hiki: ngoma hii inamwita nani, na inafanya nini kwa anayeicheza? Yenye uganga ndani yake, iache bila kujadiliana. Ya kushangilia mavuno au harusi, sioni kosa lake.

Mimi ni mvuvi wa Ukerewe. Babu zetu waliokufa kabla ya wamisionari watahukumiwaje?

Wamisionari wa kwanza Waanglikana walifika pwani hii ya kusini ya Ziwa Victoria mwaka 1877, na wawili kati yao, Smith na O'Neill, waliuawa hukohuko Ukerewe mwishoni mwa mwaka huo. Bukumbi, Wakatoliki walianza 1883. Lakini Mungu hakuja na meli yao. Paulo anasema hakujiacha bila shahidi, kwa mvua na nyakati za mavuno (Matendo 14:17). Hukumu ya babu zetu naiacha mikononi mwake, kama alivyofanya Abrahamu: "Mhukumu ulimwengu wote asitende haki?" (Mwanzo 18:25). Wewe umesikia. Swali lako ni la leo.

Kutubu ni kulia madhabahuni?

Machozi yakija, yaje. Ila watu walipomuuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, aliwaambia wenye kanzu mbili wagawe, na watoza ushuru wasitoze zaidi ya walivyoamriwa (Luka 3:10-13). Kwa muuza dagaa maana yake ni sado iliyojaa haki, bila ya mchanga kufichwa chini na dagaa weupe kutandazwa juu.

Jirani yangu hapa Mabatini ni Mwislamu. Misiba yote tunasaidiana. Nimhubirie, au nitaharibu ujirani?

Usimfanye mradi. Endelea kupeleka chakula msibani hata kama hatabadilika kamwe. Lakini usimfiche pia jambo unaloliona ni uzima. Petro anataka tuwe tayari kumjibu kila atuulizaye habari za tumaini letu, "kwa upole na kwa hofu" (1 Petro 3:15). Atakapokuuliza kwa nini ulimsamehe, tuseme, mtu aliyekuibia pikipiki, mjibu ukweli wote. Naye akitaka kukueleza imani yake, msikilize mpaka amalize.