Jibu: Konokono wa karibu na mdomo wa mto Luiche, Ziwa Tanganyika
Kaka, umeuliza kama konokono wanaopungua pale Luiche wanauawa na chumvi, kama wanyama wanaoishi sakafuni mwa lagoni (vidimbwi vya maji ya bahari) za pwani. Hapana. Kule lagoni, kiangazi jua hukausha maji, chumvi ikapanda. Masika ikashuka ghafla. Ziwa Tanganyika letu ni la maji baridi, yaani si ya chumvi, haliyumbi hivyo.

Mimi naona tatizo kubwa ni tope. Vilima vikikatwa miti, mvua hushusha udongo unaofunika mawe yenye mwani ambao konokono hao hula. Wala hawawezi kukimbilia kina kirefu: ziwa lina kina cha karibu mita 1,470, lakini kuanzia mita 200 hivi kwenda chini hakuna oksijeni. Wamebanwa kandokando, palepale udongo unapotua. Inaniuma sana, maana wengi wao hawapatikani kwingine duniani! Ukitaka kuhakikisha, linganisha konokono wa hapo na wale wa kwenye mawe yaliyo mbali na mto.