“Kuruka utaratibu” si kuufuata

SWALI: Ninatafsiri mwongozo wa marubani wa ndege za abiria wa Marekani. Nimeandika: “Ndege hii inastahili kuruka utaratibu wa kuondoka wa RNAV.” (RNAV ni namna ya kuiongoza ndege kutoka pointi hadi pointi zilizopangwa.) Mhariri ameikata sentensi nzima. Nimekosea wapi?

JIBU: Umekosea mara mbili, na kosa zito liko kwenye “kuruka”. Kitenzi hiki kikikaa peke yake hakina neno: ndege inaruka. Kipe yambwa, maana inageuka: kuruka mtaro, kuruka ukurasa, kuruka swali la mtihani. Basi “kuruka utaratibu” ni kuuacha. Rubani atakayekusoma kwa Kiswahili ataelewa kwamba ndege yake imesamehewa utaratibu huo! Andika “kufuata”.

“Inastahili” nayo ina harufu ya tuzo au adhabu. Mwanafunzi hodari anastahili zawadi, lakini ndege haizawadiwi njia. Wengi hukimbilia “inaweza”, ambayo haikosei ila inaficha mengi, maana kwetu “naweza kuingia?” ni kuomba ruhusa na “naweza kuogelea” ni kutaja uwezo. Kwa RNAV mambo haya hayachanganywi.

Kwanza uwezo. Njia ya RNAV huchorwa kwa pointi za latitudo na longitudo, si lazima ipite juu ya vituo vya redio. Kwa kuondoka, kiwango cha kawaida ni RNAV 1: ndege ibaki ndani ya maili 1 ya baharini kila upande wa mstari kwa angalau asilimia 95 ya muda wa safari. Ijue ilipo kwa GPS, au kwa kupima umbali kutoka vituo vya DME, yaani vituo vya redio vya kupimia umbali, ikisaidiwa na mtambo wake wa ndani unaopima mwendo. Hapa sema “ina uwezo wa” au “ina vifaa vya”.

Pili idhini. Kuwa na vifaa hakutoshi. Shirika la ndege sharti liwe limekubaliwa na mamlaka ya usafiri wa anga, ambayo Marekani ni FAA. Katika fomu ya mpango wa safari idhini hiyo huonekana kwa herufi R kwenye kisanduku cha 10, na kwenye kisanduku cha 18 msimbo kama PBN/D1. Hapa ndipo “imeidhinishwa” inapofaa. Usiandike “iliidhinishwa”, kwani msomaji atauliza: je, sasa imefutiwa?

Tatu ruhusa, anayoitoa mwongoza ndege kwa safari moja tu. Ningeacha “ruhusa” iwe ya mnara na “idhini” iwe ya mamlaka, pasipo kubadilishana.

Halafu kuna hali ya siku yenyewe. Hifadhidata ya kompyuta ya ndege hutolewa upya kila siku 28, na utaratibu lazima uitwe humo kwa jina lake. Rubani haruhusiwi kuujenga kwa kuandika pointi moja moja. Kinachoharibu mara nyingi ni njia ya kurukia kubadilishwa dakika za mwisho na kompyuta ikaachwa na ile ya zamani: ndege ikipaa, inakata kona isiyo yake. Ndiyo sababu katika viwanja kadhaa vya Marekani mwongoza ndege hutaja pointi ya kwanza anapotoa ruhusa ya kupaa, ili rubani ailinganishe na iliyo kwenye skrini. Kifaa kikiharibika, sentensi ni fupi: “Ndege imeidhinishwa, ila leo haiwezi.”

Kwa hiyo: “Ndege hii imeidhinishwa kufuata njia za kuondokea za RNAV 1.” Ukikusudia yote kwa pamoja, “imetimiza masharti ya kufuata…”

Na ukienda kwenye wingi, ni “ndege zilizoidhinishwa”. “Ndege walioidhinishwa” wana manyoya.