Kandambili mwenyewe, uji mwenyewe

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nina binti wa miaka miwili na miezi mitatu. Siku hizi kila kitu ni "mwenyewe". Uji mwenyewe, viatu mwenyewe, hata kidumu cha maji cha lita tano anataka akibebe mwenyewe. Juzi stendi nilimvalisha kandambili haraka, daladala inapiga honi. Akazivua, akajibwaga chini, akalia mpaka konda akaniuliza, "Mama, hapo nani kamzaa mwenzie?" Gari likatuacha. Mama mkwe anasema hicho ni kiburi, nimchape kabla hakijakomaa. Lakini mtoto huyu huyu hukaa barazani robo saa nzima akifungua na kufunga kifuniko cha chupa ya chai, hamsumbui mtu. Sijui nina mtoto jeuri au mwenye akili.
Mama wa Kihonda, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huyo konda kanichekesha.

Hapo kwenye kifuniko umeshajijibu. King'ang'anizi anayekaa robo saa na chupa ndiye huyo huyo aliyelala chini stendi. Ukimchapa wa stendi, wa barazani naye anaumia. Nilijaribu. Kifungua mimba wangu alikuwa mbishi hivyo hivyo, nami nilikuwa mwepesi wa fimbo. Ubishi ukaisha, kweli. Yakaisha na maswali. Alipoanza shule, mwalimu akaniambia hanyooshi mkono hata jibu akiwa nalo.

Na kiburi ni cha mtu anayejiona bora kuliko wenzake. Binti yako ndiyo kwanza amegundua kwamba yupo. Mtoto wa mwaka mmoja ukimpaka masizi puani ukamweka mbele ya kioo, hushangaa yule mtoto wa kwenye kioo. Kati ya miezi 18 na 24, wengi huanza kushika pua yao wenyewe. Sasa mtu aliyejijua juzi, umvalishe viatu bila kumuuliza! Tena anaelewa mengi kuliko anayoweza kuyasema, na sehemu ya ubongo ya kuzuia hasira, ile ya nyuma ya paji la uso, huendelea kukomaa hadi mtu apite miaka ishirini. Hata mumeo bado alikuwa hajakamilika mlipoanza uchumba.

Kwa hiyo badilisha asubuhi yako, mtoto muache. Kandambili zianze robo saa kabla ya kutoka. Usimuulize "tuvae viatu?", utajibiwa hapana. Muulize "nyekundu au za bluu?" Akizivaa kinyume, mwache atembee, miguu itamwambia. Kidumu cha lita tano mpe chupa ya nusu lita badala yake, aibebe kwa fahari. Penye barabara au jiko la mkaa hakuna kuchagua: mnyanyue, hotuba iache. Akijibwaga, kaa karibu, nyamaza, maana wakati huo hasikii. Ila akilia mpaka pumzi inakatika na midomo inabadilika rangi, mpeleke kwa daktari.

Mama mkwe usibishane naye. Siku mkichambua mchicha pamoja, muulize taratibu mumeo alikuwaje akiwa na miaka miwili. Kisha uniandikie.