Bomba la maji taka kwenye kiwanja cha mlimani, Kigoma

Kiwanja cha Kigoma hudanganya. Ardhi inashuka kuelekea Ziwa Tanganyika, basi fundi anachimba mtaro wa kina kilekile mwanzo hadi mwisho, analaza bomba, anafukia. Maji yanapita kwa kasi, mwenye nyumba anaridhika. Kazi hiyo ni mbovu. Mteremko wa bomba haufuati ardhi, unafuata hesabu na uzi.

Kwa bomba la choo la inchi 4, nyumba ya familia moja, shusha sm 2.5 kwa kila mita. Bomba la mita 6 linashuka sm 15. Umbali wa mita 20 unashuka sm 50. Ukibanwa na kiwanja tambarare, usiende chini ya sm 1.25 kwa mita, na hapo kosa la sentimita moja tu linatosha kutuamisha maji. Mabomba ya sinki na bafu, ya inchi 1½ na 2, yape sm 2 hadi 2.5.

Mteremko ukipungua, mafuta ya jikoni na uchafu mzito hukaa chini na njia huzidi kuwa nyembamba. Hilo wengi wanalijua. Mteremko mkali ndio unaosahaulika: maji machache ya kuflashi huweza kutangulia, karatasi na kinyesi vikabaki nyuma vikikauka. Kwenye bomba dogo la sinki, maji yanayoshuka yakiwa yamelijaza huvuta hata yale ya kwenye trapu, kona ya bomba chini ya sinki inayobakiza maji ya kuzuia harufu, na harufu ikaingia jikoni. Tena bomba refu lililolala mlimani husogea udongo unapolainika kwa masika, maungio yakaachia.

Sasa tuseme kutoka chooni hadi kwenye shimo la maji taka ni mita 20 na ardhi inashuka mita 3. Bomba linahitaji sm 50 tu. Mita 2.5 zinazobaki zishushwe wima ndani ya chemba, yaani kisima kidogo cha kukagulia bomba, kwa mfano chemba mbili, kila moja mita 1.25. Bomba linaloingia kwa juu lifungie tii, kiungio chenye midomo mitatu. Mdomo wa juu wa tii uwe na kifuniko cha kufungua ili fimbo ya kuzibulia iingie. Kutoka kwenye tii teremsha bomba wima, ulibane ukutani kwa vyuma, na chini weka elbo mbili za nyuzi 45, si moja ya nyuzi 90, maana kona kali ndiyo inayokamata uchafu. Sakafu ya chemba iwe na mfereji wa nusu bomba, kingo zake zikipandishwa kwa zege laini. Ukiacha sakafu bapa, kinyesi kitatapakaa humo.

Kupima hakuhitaji mashine. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, ujaze na utoe mapovu yote. Povu moja linaharibu kipimo. Piga kigingi kila mwisho wa kipande, weka alama za usawa mmoja, kisha kwenye kigingi cha chini shusha alama kwa kiasi ulichokokotoa. Funga uzi. Kata fimbo moja, na kila mahali urefu kutoka kwenye uzi hadi sakafu ya mtaro ulingane nayo. Pima kipande kimoja cha chemba hadi chemba kwa wakati, la sivyo kigingi cha chini kitahitaji kuwa kirefu kama nguzo.

Tandaza mchanga sm 10, usio na mawe, na uchimbe kishimo chini ya kila soketi, ncha pana ya bomba inayopokea bomba jingine, ili bomba zima liegemee mchanga. Anza kulaza kutoka chini kwenda juu, soketi zikielekea nyumbani. Hakiki kila bomba kwa pimamaji ya sm 120: weka kipande cha mbao cha sm 3 chini ya ncha ya upande wa maji yanakoenda, povu likae katikati.

Maji ya paa yasiingie humu kabisa. Mvua moja kubwa hujaza shimo.

Kabla ya kufukia, mwaga ndoo ya lita 20 chooni pamoja na vifungu vya karatasi, na mtu asimame kwenye kila chemba. Karatasi zisipofika, fungua kipande hicho siku hiyohiyo, mtaro ukiwa bado wazi.