Dada wa Ngamiani, hujaonekana chizi

Dada yangu umeuliza, kupelekwa tiba ya mazungumzo ya kubadili fikra na tabia (CBT) wakati unaumwa mgongo na hulali, ndo daktari kakuona chizi? Hata kidogo! Daktari wa akili Aaron Beck aliianzisha tiba hiyo Marekani miaka ya 1960 kwa ajili ya sonona, watafiti wakaiboresha mpaka kwenye maumivu sugu na usingizi, na 2016 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani huko kikasema kwa kukosa usingizi sugu ianze hiyo kabla ya vidonge. Mi hapa Chumbageni nilikuwa macho kodo hadi adhana ya alfajiri, kwenye tiba hiyo nikaambiwa kama dakika 20 zikipita bila usingizi, ondoka kitandani, kaa barazani, rudi ukisinzia, saa ya kuamka isibadilike. Wiki ya kwanza utateseka kwelikweli, usiache dada. Ila dawa za mgongo usikatishe bila kumuuliza daktari.